Faili moja inatosha kupanua mzizi wa jino, haitoshi kuusafisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niyajibu matangazo ya kliniki za meno yanayotuambia kwamba siku hizi mzizi wa jino unatibiwa kwa nusu saa, kwa "mashine ya faili moja", na mgonjwa anarudi kazini. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Ni kifaa kizuri na ningependa kila kliniki iwe nacho. Ugomvi wangu ni na hesabu ya dakika: wanaoitangaza wamehesabu muda wa faili wakasahau muda wa dawa ya kusuuzia, na dawa ndiyo inayoua bakteria.

Nianze na msomaji ambaye hajawahi kutibiwa mzizi. Jino likioza hadi kwenye kiini, yaani ile nyama laini ya ndani yenye mishipa ya damu na neva, bakteria huingia, kiini hufa, na uchafu wake huvuja kwenye ncha ya mzizi hadi ndani ya mfupa wa taya. Hapo ndipo mara nyingi mtu hupata maumivu ya usiku, shavu huvimba, au usaha hutokea kwenye ufizi. Kwetu wengi huishia kung'oa. Tiba ya mzizi ndiyo njia ya kulibakiza jino: daktari hutoboa juu ya jino, hutoa kiini, hupanua mifereji ya mizizi kwa vijiti vyembamba vya chuma tunavyoviita faili, husuuza kwa dawa, hukausha, kisha hujaza mifereji hiyo kwa gataperka, vijiti laini vya utomvu unaofanana na mpira, na simenti.

Adui ni nani, hilo lilijibiwa zamani. Mwaka 1965 Kakehashi, Stanley na Fitzgerald wa Marekani walitoboa meno ya panya wa makundi mawili: wa kawaida, na waliokuzwa mahali pasipo na kijidudu chochote. Panya wa kawaida viini vyao vilikufa na majipu yakatokea. Wale wengine, ingawa chakula kilijaa ndani ya tundu la jino, kidonda kilijifunika chenyewe kwa dentini mpya, yaani ile sehemu ngumu ya jino inayokizunguka kiini. Kwa hiyo chombo chochote kinachoingia kwenye mzizi hupimwa kwa swali moja tu, kwamba kimepunguza bakteria kwa kiasi gani. Kasi na bei huja baadaye.

Sasa tuje kwenye faili. Namba ya faili ni unene wa ncha yake kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo faili namba 25 ina ncha ya milimita 0.25. Faili za mkono za chuma cha pua huongezeka unene kwa milimita 0.02 kila milimita moja kutoka nchani. Kwa faili hizo daktari alilazimika kupita namba 10, 15, 20, 25, 30, halafu arudi nyuma kidogo kidogo na namba kubwa zaidi ili mfereji upanuke kama faneli. Kwenye gego lenye mifereji minne, mkono uliuma. Mwaka 1988 Walia na wenzake walionyesha faili iliyotengenezwa kwa nikeli na titani, metali ya waya za kunyooshea meno, ambayo hupinda pamoja na mzizi badala ya kuutoboa. Zikafuata seti za mota. ProTaper ya mwanzo ilikuwa na faili sita: SX, S1, S2, F1, F2 na F3. Mwaka 2008 Ghassan Yared akapendekeza kwamba F2 peke yake, ikizungushwa mbele na nyuma badala ya kuzunguka upande mmoja, yaweza kuumba mfereji mzima. Kufikia 2011 Reciproc na WaveOne zilikuwa sokoni, zikiwa zimeundwa makusudi kwa mwendo huo. Reciproc hukata kwa nyuzi 150 upande mmoja, inarudi nyuzi 30, kwa hiyo kila mizunguko mitatu ya nenda-rudi inakamilisha duara moja. Ule mrejeo ndio unaoinasua faili kabla haijajikaza ukutani na kukatika.

Faida ni za kweli. Faili chache maana yake ni kubadilishana vyombo mara chache, kupotea kidogo kwenye mlolongo, mkono usiochoka, na daktari kijana kujifunza kwa haraka. Hata mgonjwa hufunua mdomo kwa muda mfupi. Ila "faili moja" si moja kweli. Kabla mota haijaguswa, mfereji hupimwa na faili ya mkono namba 10, mara nyingi na namba 15 pia, hadi ziteleze mpaka kwenye urefu wa kazi, yaani kina ambacho faili inapaswa kuishia karibu na ncha ya mzizi, bila kusukumwa. Tangazo halizitaji hizo. Anayeruka hatua hii na kuingiza faili ya mota kwenye mfereji uliobana ndiye anayechonga kidato ukutani, au anayeacha kipande cha chuma ndani.

Tatizo kubwa ni umbo la mzizi. Watu huwazia bomba la duara lililonyooka. Ukweli ni kwamba mifereji mingi ni ya yai, bapa kama utepe, yenye mbawa na vichochoro vinavyounganisha mfereji mmoja na mwenzake, na karibu na ncha hugawanyika kuwa matawi madogo. Mwaka 2001 Peters na wenzake walipiga meno picha za eksirei za tabaka tabaka kabla na baada ya kupanuliwa kwa faili za aina mbalimbali, wakakuta kwamba asilimia 35 au zaidi ya kuta za mfereji hazikuguswa kabisa, bila kujali aina ya faili. Zaidi ya theluthi moja ya ukuta, kwa faili yoyote ile! Na hapo ni kwenye mifereji iliyopatikana. Gego la kwanza la juu, kwenye mzizi wake wa mbele upande wa shavu, lina mfereji wa pili katika zaidi ya nusu ya watu, na huo ndio unaorukwa kila siku.

Faili inayokata kwa nguvu ina tabia nyingine. Unga wa dentini inaouchonga husukumwa na kushindiliwa kwenye vile vichochoro, ukavifunga pamoja na bakteria waliomo. Faili moja inayofanya kazi ya sita huchonga unga mwingi kwa muda mfupi, ndiyo maana maelekezo ya mtengenezaji wa Reciproc yanasema mipigo mitatu midogo ya juu na chini isiyozidi milimita 3, kisha utoe, ufute faili, usuuze, uhakikishe njia kwa namba 10, ndipo uendelee. Kibuyu cha maziwa hakisafishwi kwa kijiti peke yake. Kijiti hugusa mdomo na shingo, tumboni hufika maji yanayotikiswa.

Byström na Sundqvist wa Sweden walilithibitisha hilo kwa wagonjwa. Mwaka 1981 walisafisha mifereji kwa faili na maji ya chumvi tu: bakteria walipungua sana, lakini meno mengi yalibaki nao hata baada ya kurudiwa. Walipobadilisha maji ya chumvi wakatumia haipokloraiti ya sodiamu, kemikali ileile iliyomo kwenye Jik, ya asilimia 0.5 tu, matokeo yakawa bora. Mwaka 1985 wakaongeza kwamba haipokloraiti ikiunganishwa na EDTA, dawa inayoyeyusha madini ya dentini, hufanya kazi zaidi kuliko ikiwa peke yake.

Hapa ndipo hesabu ya nusu saa inapovunjika. Daktari aliyetumia faili sita alisuuza baada ya kila faili. Kama ni mililita 2 kila mara, mfereji ulipata mililita 12 na dawa ilikaa ndani muda wote wa kubadilisha vyombo. Akihamia faili moja na kuendelea na mazoea yaleyale ya "nikitoa faili nasuuza", anasuuza mara tatu au nne. Dawa imepungua kwa theluthi moja hadi nusu na muda wa dawa kukaa umepungua zaidi ya hapo, ilhali hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Mfereji kwenye picha ya eksirei utaonekana mzuri, mweupe, umejaa hadi nchani. Jipu litarudi baada ya miezi, na lawama itapewa jino.

Kwa gego la chini mimi nahesabu hivi: dakika 10 hadi 15 ganzi ishike, dakika 10 za kutenga jino na kutoboa, dakika 10 za kutafuta mifereji na kupima urefu kwa kipimo cha umeme na eksirei, dakika zisizopungua 20 za haipokloraiti kuwa ndani ya jino na kubadilishwa mara kwa mara, kisha kukausha, kujaza na kuziba. Saa moja imepita. Jino la mbele lenye mfereji mmoja mpana laweza kuisha mapema zaidi. Faili moja imekupa zawadi ya dakika kadhaa kwenye kupanua. Hizo ni za kusuuzia.

Nikisema kusuuza sina maana ya kumwaga maji mengi mdomoni mwa jino. Dawa inayotoka kwenye sindano yenye tundu la pembeni haiendi mbele zaidi ya milimita moja hivi kupita ncha ya sindano. Ukiisimamisha sindano milimita 5 kabla ya mwisho wa mzizi, milimita 4 za mwisho, ambako bakteria wanatazamana na mfupa, zina uchafu na povu la hewa tu. Kwa hiyo unene wa sindano ni jambo la msingi kuliko chapa ya faili. Sindano namba 27 ina unene wa milimita 0.41, namba 30 ina 0.31. Chukua mfereji uliopanuliwa hadi namba 25 kwa faili ya mkono ya chuma: milimita 3 kutoka mwisho upana wake ni 0.25 kujumlisha 0.06, yaani 0.31. Sindano nyembamba kabisa inabana palepale, ile ya namba 27 hata haikaribii. Ukitumia faili ya nikeli-titani namba 25 inayopanuka kwa 0.06 kila milimita, milimita 2 kutoka mwisho upana ni 0.37, namba 30 inapita ikiwa na nafasi pembeni ya dawa kurudi juu. Kwa faili ya Reciproc R25, ambayo milimita zake 3 za kwanza hupanuka kwa 0.08, upana hapo ni 0.41. Hii ndiyo sababu halisi ya kupenda faili hizi: zinaipa sindano njia. Faida hiyo inapotea kabisa mtu akichomeka sindano nene aliyoikuta kwenye droo.

Wapo wanaotumia sindano ya kawaida ya kuchomea misuli, wengine huikata ncha na kuikunja. Naomba waache. Sindano iliyo wazi mbele husukuma dawa moja kwa moja kwenye ncha ya mzizi. Sindano ya kusuuzia iwe imefungwa mbele na ina tundu pembeni, iwekewe kizuizi cha mpira kwenye urefu pungufu ya urefu wa kazi kwa milimita 2, ifungwe kwa kuzungushwa kwenye bomba lake la kusukumia dawa ili isichomoke, na isogezwe juu na chini bila kutulia. Bomba la mililita 5 au 3 lisukumwe kwa kidole cha shahada, kamwe si kwa gumba, kwa mwendo wa mililita 1 kwa kama sekunde 15. Sindano ikihisi kubana, irudishwe nyuma kwanza.

Kuhusu dawa yenyewe, haipokloraiti ndiyo pekee tuliyo nayo inayoua bakteria na pia kuyeyusha mabaki ya kiini na ule utando ambao bakteria hujijengea ukutani. Inatumika kuanzia asilimia 0.5, ile iliyosifika kwa mkemia Dakin na daktari mpasuaji Carrel kuoshea vidonda vya askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hadi asilimia 6. Wenzangu hubishana sana juu ya namba hii. Maoni yangu ni kwamba asilimia 2.5 hadi 3, ikibadilishwa mara kwa mara, inatosha, na kwamba ujazo, muda na kutikiswa vina uzito kuliko ukali. Dawa ikigusana na uchafu hutumika ikaisha nguvu. Ile iliyokaa dakika tano bila kubadilishwa ni maji tu. Joto husaidia: maabara ilionekana kwamba dawa ya asilimia 1 kwenye nyuzi 45 iliyeyusha kiini sawasawa na ya asilimia 5.25 kwenye nyuzi 20.

Lakini joto hilohilo likiwa stoo linaiua. Kwenye miji yetu ya pwani, chupa angavu iliyokaa dirishani huisha nguvu taratibu huku lebo ikiendelea kusema ilivyosema siku ya kwanza. Iwe kwenye chupa isiyopitisha mwanga, kifuniko kimekazwa, kabatini pasipo joto, tarehe ya kufunguliwa imeandikwa kwa kalamu ya wino. Zipo kliniki zinazotumia Jik ya kufulia, ambayo kwetu kwa kawaida huandikwa asilimia 3.5. Iliyotengenezwa kwa ajili ya meno ni bora. Ikikosekana, basi iwe ile isiyo na manukato wala rangi, mpya, na isichotwe kutoka kwenye ndoo ya kulowekea vyombo. Ndoo ile ni kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji, yaani asilimia 0.5, na imeshalowekewa kila kitu.

Baada ya kupanua, ukuta hubaki umepakwa utando wa unga wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) moja au mbili, mchanganyiko wa dentini na uchafu. Haipokloraiti haiuondoi upande wa madini. Kazi hiyo ni ya EDTA ya asilimia 17, iliyoingizwa kwenye tiba hii na Nygaard-Østby mwaka 1957. Dakika moja kwa kila mfereji, mililita 2 au 3, basi. Ikizidi sana inalainisha dentini bure. Kisha haipokloraiti tena kwa muda mfupi.

Kosa ninaloliona likitetewa kwa ujasiri ni kuchanganya. EDTA ikikutana na haipokloraiti humaliza klorini iliyo huru ndani ya muda mfupi sana, kwa hiyo aliyemimina zote mbili pamoja hana hata moja inayofanya kazi yake kikamilifu. Inyonywe ya kwanza, ndipo iingie ya pili. Klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, ya asilimia 2 ikikutana na haipokloraiti hutoa mashapo ya kahawia yanayoziba vitundu vya dentini na kulitia jino rangi. Anayeitaka klorheksidini asafishe kwanza kwa maji ya chumvi na kukausha, akijua kwamba haiyeyushi nyama hata kidogo. Mimi siioni nafasi yake kwenye jino linalotibiwa mara ya kwanza. Haidrojeni peroksaidi, iliyopendwa zamani kwa povu lake, ibaki kwenye kabati la vidonda: gesi yake ikipita ncha ya mzizi huingia kwenye tishu za uso. Kwa sababu hiyohiyo mfereji haukaushwi kwa kupulizwa hewa, hukaushwa kwa vijiti vya karatasi.

Kutikisa ndiko kunakolitoa lile povu la hewa nchani na kuipeleka dawa kwenye vichochoro. Mwenye mashine ya mawimbi ya ultrasoniki aweke kijiti chembamba kisichokata, namba 15 au 20, pungufu ya urefu wa kazi kwa milimita 1 au 2, bila kugusa ukuta, sekunde 20 mara tatu kwa kila mfereji, akibadilisha dawa kila mara. Kwenye mzizi uliopinda kisilazimishwe kupita kona. Asiye na mashine asilie: achukue kijiti cha gataperka kinachokaa sawasawa kwenye mfereji huo, akikate ncha kidogo, mfereji ujae dawa, akipandishe na kukishusha kwa milimita 2 hadi 3, kama mara 100 kwa dakika. Hakina gharama, kwa sababu kijiti kilikuwa cha kujazia hata hivyo.

Dawa hii si ya mchezo. Ikisukumwa kupita ncha ya mzizi mgonjwa hushtuka kwa maumivu makali hata akiwa na ganzi, damu nyingi huja kupitia mfereji, na uso huvimba ndani ya dakika, kisha huwa na michubuko kwa siku kadhaa. Hapo daktari asimame, aache damu itoke, asafishe polepole kwa maji ya chumvi, aongeze ganzi, ampe dawa ya maumivu, na aseme ukweli kilichotokea. Barafu ya kukandia kwa siku ya kwanza, kitambaa cha uvuguvugu siku zinazofuata. Antibaiotiki ni kwa tahadhari ya maambukizi, si kwa kila mtu. Uvimbe ukielekea kooni au chini ya ulimi, au mgonjwa akipumua kwa shida, ni hospitali kubwa bila kungoja asubuhi. Na mabomba yote ya sindano kliniki yaandikwe majina ya dawa, kwa sababu haipokloraiti, EDTA, maji ya chumvi na ganzi vyote ni vimiminika visivyo na rangi. Duniani imeshatokea zaidi ya mara moja haipokloraiti kudungwa mahali pa ganzi.

Hakuna lolote kati ya haya linalofanyika bila kile kipande cha mpira kinachotenga jino na mdomo, rabadamu. Bila hiyo mate yanaingia ndani ya mzizi huku daktari akijidai anausafisha, dawa inamwagika kooni, na faili ikiponyoka inamezwa au, vibaya zaidi, inavutwa kwenye mapafu. Nashangaa kliniki iliyonunua mota ya kisasa ikakosa mpira na vibanio vyake. Mgonjwa naye avalishwe miwani.

Tukubali pia kwamba faili za mota kwetu ni ghali, na ndiyo maana zinarudiwa. Ile ya "mara moja" inachemshwa, inatumika tena, inachemshwa. Nikeli-titani huchoka ndani kwa ndani kila inapozunguka kwenye kona, na mara nyingi hukatika bila kuonyesha dalili machoni. Baadhi ya faili hizi zina pete ya plastiki shingoni inayovimba kwenye joto la mtambo wa kutakasia, ili zisiingie tena kwenye mota. Nasikia wapo wanaoichonga pete hiyo, na hao sina la kuwaambia. Uingereza mwaka 2007 iliagiza faili zote za mizizi zitumike kwa mgonjwa mmoja tu, kwa hofu ya ugonjwa wa prioni, protini yenye kasoro inayoambukiza na isiyoharibika kwa kutakaswa kwa kawaida. Kama uwezo hauruhusu faili mpya ya mota kwa kila gego, faili mpya za mkono, zikipanuliwa kwa utulivu na sindano namba 30 ikafuatia, ni tiba bora kuliko faili ya mota ya mgonjwa wa tano.

Wapo walioota kuondoa faili kabisa. Mwaka 1993 Lussi na wenzake wa Bern, Uswisi, walibuni mtambo wa kusafisha mzizi kwa msukosuko wa dawa peke yake, bila kupanua. Haukuwahi kuwa kifaa cha kila siku kliniki. Mwaka 2010 likaja wazo la faili yenye wavu, tupu ndani, dawa ikitiririka katikati yake muda wote inapofanya kazi. Leo kuna leza, na kuna mashine ya GentleWave huko Marekani inayosukuma dawa kwa mawimbi na kuhitaji kupanua kidogo sana. Mwelekeo wa vyote ni uleule: chuma kidogo, dawa zaidi, dentini ibaki ili jino lisipasuke baadaye. Bei yake si ya kliniki zetu kwa sasa. Ila kanuni tunaimudu kwa bomba, sindano na kijiti cha gataperka.

Mgonjwa anayesoma haya ana haki ya kuuliza kabla hajafungua mdomo. Je, jino litatengwa kwa mpira? Mtasuuza kwa dawa gani? Gego langu lina mifereji mingapi, na mtapiga picha baada ya kujaza? Jino litavalishwa kofia lini? Maumivu ya kutafunia kwa siku mbili tatu ni ya kawaida. Uvimbe na homa si vya kawaida, arudi. Akiambiwa tiba itakuwa ya safari mbili, dawa ya kalsiamu haidroksaidi ikikaa ndani kwa wiki moja au mbili katikati, asidhani anavutwa ili alipe zaidi. Jino lililokuwa likitoa usaha mara nyingi hulihitaji hilo.

Na kwa waagizaji wa vifaa: kwenye katalogi zenu faili za mota zina kurasa kumi, sindano za kusuuzia zenye tundu la pembeni hupatikana kwa kuulizia, na mara nyingi ni namba 27 tu. Kila pakiti ya faili iondoke dukani pamoja na pakiti ya sindano namba 30. Bei ya sindano hizo ni sehemu ndogo sana ya bei ya faili.

Wako,
Daktari wa kinywa na meno,
Dar es Salaam